Watoto wa Mwaka wa Kwanza

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala cha TANU ilikaa Musoma na kuamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kwenda shule awe ameingia darasani. Mpango wa awali ulikuwa umeiweka shabaha hiyo mwaka 1989, kwa hiyo kikao kimoja kilipunguza miaka kumi na miwili. Walimu hawakutosha, madarasa hayakutosha, na fedha ndizo zilizokuwa adimu kuliko vyote: bei ya mafuta ilikuwa imepaa tangu mwaka uliotangulia, na ukame ulikuwa umeilazimisha nchi kununua chakula nje. Uamuzi ulipita hivyo hivyo, ukatekelezwa.

Mwandishi wa makala haya aliingia darasa la kwanza kwa nguvu ya uamuzi ule, Januari 1977, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza. Ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha futwa mwaka 1973. Darasa lenyewe lilikuwa ghala tupu la chama cha ushirika, kwani vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na majengo yake yakabaki bila mwenyewe. Harufu ya korosho ilikuwa haijatoka ukutani. Watoto walikuwa wengi kupita hesabu ya mwalimu, wengine wa miaka saba, wengine wamevunja ungo au wameanza kuota ndevu, wote wamekaa sakafuni na mbao zao za kuandikia.

Si kijiji hicho tu. Kati ya mwaka 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha mamilioni ya watu kutoka mashambani mwao na kuwaweka pamoja. Mengi mabaya yamesemwa juu ya operesheni ile, na mengi ni kweli: nyumba zilichomwa, mavuno yakaachwa yaozee shambani. Lakini bila ya vijiji vile, shule ya kila kijiji isingejengeka kwa haraka namna ile. Sera moja ilikuwa imeweka msingi wa nyingine, na aliyepoteza shamba la minazi la baba yake ndiye huyo huyo aliyeitwa kufyatua matofali ya darasa la mwanawe. Wazee walikuwa na hasira na fahari kwa wakati mmoja, na mtoto wa miaka saba aliyaona yote mawili kwenye nyuso zao bila kuelewa.

Mwalimu wa darasa lile alikuwa kijana wa kijiji cha jirani, naye amemaliza darasa la saba tu. Serikali ilikuwa imeamua kuwachukua vijana wa namna hiyo kwa maelfu, kuwapa kazi ya kufundisha saa chache kwa siku, na kuwafundisha ualimu humo humo kazini: masomo kwa posta, vipindi vya redio, na mratibu elimu aliyepita kuwakagua. Baadaye walipelekwa chuoni kwa muda mfupi kumalizia mafunzo na kutahiniwa. Nchi nzima ikawaita walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na kwa miaka iliyofuata jina hilo likageuzwa kuwa tusi. Mtu akikosea hesabu, anaambiwa amefundishwa na UPE.

Mwandishi hakubaliani na tusi hilo. Kijana yule alijua jambo moja ambalo walimu wengi wenye vyeti vikubwa hawakulijua: alikuwa na kumbukumbu mbichi ya jinsi kusoma kunavyomshinda mtoto. Waliokwama aliwabakiza chini ya mwembe baada ya wenzao kutawanyika, akawasomesha silabi kwa sauti mpaka zikanyooka. Mwalimu mkuu wa shule ile, mzee aliyefunzwa enzi za mkoloni, naye alichukua uamuzi ambao haukuandikwa kwenye mwongozo wowote. Aliliacha dawati la ofisi yake kila asubuhi, akafundisha darasa la kwanza yeye mwenyewe kwa kupokezana na kijana yule. Alipoulizwa na wazazi kwa nini mkubwa wa shule afundishe watoto wadogo, alijibu kwamba nyumba inabomoka kuanzia chini. Watoto wengi wa ghala lile walitoka darasa la pili wakijua kusoma.

Takwimu za taifa zinaonyesha ukubwa wa kazi iliyofanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 3, mara mbili na zaidi ya waliokuwamo wakati wa kikao cha Musoma. Pamoja na kampeni ya elimu ya watu wazima iliyopamba moto tangu mwaka 1970, serikali ilitangaza mwaka 1986 kwamba watu wazima 90 katika kila 100 wanajua kusoma na kuandika. Hata anayezitilia shaka takwimu za namna hiyo hawezi kukana kwamba bibi zetu walianza kusoma barua zao wenyewe.

Tatizo lilikuwa mlango wa pili.

Darasa lililoingia Januari 1977 lilimaliza darasa la saba mwaka 1983. Serikali ilikuwa imeamua kwa makusudi kuzibana shule za sekondari, ikipanga nafasi kwa kukadiria wataalamu ambao uchumi ungewahitaji. Katika watoto wote waliofanya mtihani wa darasa la saba, hakupata nafasi ya sekondari hata mmoja kati ya kumi. Hesabu hiyo ingeweza kupigwa siku ile ile ya Musoma kwa penseli na karatasi moja: watoto wa 1977, jumlisha miaka saba ya masomo. Haikupigwa, au ilipigwa ikawekwa kando.

Mwaka huo huo wa 1983 Bunge lilipitisha sheria iliyojulikana kwa wananchi kama Nguvu Kazi. Wasio na kazi Dar es Salaam na miji mingine walikamatwa barabarani na kurudishwa vijijini wakalime. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliokuwa wametoka tu darasa la saba, wale wale waliobebwa na nchi kama fahari yake miaka saba nyuma. Kaka mmoja wa ghala lile, aliyekuwa hodari wa hesabu kuliko wote, alikwenda mjini kuuza karanga, akarudishwa Muheza ndani ya lori. Hakufanya kosa lolote. Alikuwa amefika kwenye mlango ambao hakuna aliyeujenga.

Mwandishi aliendelea na masomo kwa sababu mjomba wake alikuwa na michungwa. Msimu ulikuwa mzuri, akauza, akalipa ada ya sekondari ya binafsi. Tangu hapo mwandishi amekuwa akiangalia sera za elimu kwa swali moja tu: watoto wa mwaka wa kwanza wa tangazo hili watakuwa wapi baada ya miaka saba, na baada ya kumi na mmoja?

Yaliyofuata ni mafupi kusimulia, ingawa yalikuwa marefu kuyaishi. Makovu ya Vita vya Kagera, kuanguka kwa bei ya mazao, madeni, kisha masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Katikati ya miaka ya 1980 ada ikarudi shule za msingi, ikifuatana na michango ya kila aina. Sera mpya iliitwa kuchangia gharama. Mishahara ya walimu ikaliwa na mfumuko wa bei mpaka mwalimu akalazimika kuuza maandazi kwa wanafunzi wake wakati wa mapumziko. Mwisho wa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa ikilipa madeni ya nje kwa fedha nyingi kuliko zile ilizotumia kwa shule za msingi, na mwaka 2000 ni watoto chini ya 60 tu katika kila 100 wa umri wa shule ya msingi waliokuwa wameandikishwa. Nchi iliyokuwa imekaribia kuwaingiza watoto wote ikarudi nyuma ndani ya kizazi kimoja. Kando ya barabara kuu ya Muheza, watoto wa kwenda shule walisimama na ndoo za machungwa tangu asubuhi, wakikimbilia mabasi ya Tanga.

Ada iliyowazuia ilikuwa shilingi 2,000 kwa mwaka. Lakini shilingi hizo ziliongozana na sare, madaftari, mchango wa mlinzi, mchango wa mtihani, na kwa mama mwenye watoto wanne jumla yake ilikuwa bei ya mbuzi. Wa kwanza kubakizwa nyumbani kwa kawaida alikuwa msichana.

Ada ilifutwa tena mwaka 2001, chini ya Rais Benjamin Mkapa, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu. Sababu za kufutwa huko zinaonyesha vizuri jinsi sera ya nchi moja inavyoweza kutengenezwa kwenye meza nyingi kwa wakati mmoja. Mashirika ya kiraia nchini, yaliyounganika katika Mtandao wa Elimu Tanzania, yalikuwa yamepaza sauti. Nchi ilikuwa ikipata msamaha wa madeni, na msamaha ule ulidai mpango wa kupunguza umaskini. Huko Washington nako, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria mwaka 2000 ikiitaka serikali yake ipinge mikopo ya Benki ya Dunia inayowatoza maskini ada ya elimu ya msingi. Kilio cha mama wa Muheza kilikuwa na haki yake tangu siku ya kwanza, lakini kilisikika pale kilipokutana na barua za wakubwa. Ni vigumu kulisema hilo bila uchungu.

Mpango wenyewe uliitwa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, wa mwaka 2002 hadi 2006. Ulikuwa mpango mzuri kuliko mingi iliyoutangulia. Ulipanga kupeleka dola 10 kwa kila mtoto kwa mwaka, ulitoa ruzuku ya kujenga madarasa, ulizipa kamati za shule akaunti ya benki na sauti, na ulitaka mapato na matumizi yabandikwe kwenye mbao za matangazo. Kwa waliopitwa na umri ulikuwapo mpango wa MEMKWA. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka chini ya milioni 5 mwaka 2001 hadi karibu milioni 6 mwaka 2002.

Binti wa mwandishi alikuwa mmoja wao. Januari 2002 aliingia darasa la kwanza katika shule ile ile ya kijiji, sasa ikiwa na madarasa ya matofali na mabati. Watoto walizidi mia moja katika chumba kimoja. Mwalimu mkuu mpya alikuwa mtu mwema na mchapakazi, lakini siku zake zilimezwa na mchanga, saruji na risiti, maana wilaya ilimpima kwa madarasa yaliyofikia lenta. Darasa la kwanza alipewa mwalimu aliyetoka chuoni karibuni. Ili kuziba pengo, mafunzo ya ualimu yalikuwa yamepangwa upya kuwa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja kazini. Binti huyu alikuwa na mwalimu aliyekuwa bado anajifunza, kama mzazi wake mwaka 1977. Aliyekosekana safari hii ni mzee wa kupokezana naye.

Mwandishi alikwenda kumwamkia mwalimu mkuu wa zamani, aliyekwisha kustaafu na kuwa mkulima wa michungwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nasikia wameingia mia."

"Wamezidi."

"Nani anafundisha la kwanza?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Alipojibiwa, alitikisa kichwa na kuuliza kama kuna yeyote, kutoka wilayani au mkoani au wizarani, aliyewahi kuwatafuta walimu wakuu wa mwaka 1977 na kuwauliza walifanyaje. Hakuna aliyekuwa amepita kwake. Mtu aliyejua mengi kuliko mwongozo wowote juu ya kupokea watoto mia katika chumba kimoja alikuwa anaishi hatua chache kutoka shuleni, akipalilia.

Wala kumbukumbu haikukosekana nchi jirani. Kenya ilikuwa imefuta ada ya darasa la kwanza hadi la nne mwaka 1974. Shule zikakosa fedha, zikaanzisha mchango wa majengo, na mchango huo ukaizidi ada iliyofutwa, watoto wakatoka tena. Uganda ilikuwa imefungua milango yake mwaka 1997 na wanafunzi wakaongezeka kwa mamilioni. Yote hayo yalikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuuliza kabla ya kupanga. Kenya yenyewe, ilipofuta ada tena Januari 2003 chini ya Rais Mwai Kibaki, ilipata wanafunzi zaidi ya milioni moja wa ziada, na Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee wa miaka 84, akajiandikisha darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004. Picha yake ya soksi ndefu na kaptula ilizunguka dunia. Watu walicheka kwa upendo, lakini mzee yule alikuwa anadai deni lake.

Kwa miaka michache takwimu za MMEM ziling'aa. Waliofaulu mtihani wa darasa la saba walikuwa asilimia 22 mwaka 2000. Mwaka 2005 walipita asilimia 60. Septemba mwaka huo, shirika la HakiElimu lililokuwa likichapisha habari za hali halisi ya shule lilipigwa marufuku na serikali kufanya tafiti na kuchapisha chochote juu ya shule za Tanzania. Mgogoro ulimalizwa mwaka 2007. Hata hivyo, miaka hiyo ndiyo watoto wa 2002 walipokuwa darasa la nne, la tano na la sita, wakati ambao bado ungetosha kuwaokoa wasiojua kusoma. Serikali inayoziba masikio yake inajiumiza yenyewe pia, lakini wa kwanza kuumia ni mtoto asiyejua kwamba anazungumziwa. Mwaka 2010 watafiti wa mpango wa Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba, walikuta kwamba katika watoto kumi wa darasa la tatu, watatu tu ndio waliweza kusoma hadithi rahisi ya Kiswahili ya darasa la pili.

Mlango wa pili safari hii ulijengwa, na serikali inastahili sifa kwa hilo. Shule za sekondari zilipanda kutoka takriban 1,000 mwaka 2003 hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2010, nyingi zikiwa shule za kata zilizojengwa kwa nguvu za wananchi. Kasi ilikuwa kubwa kuliko walimu waliokuwapo. Mwaka 2006 na 2007 wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani. Wananchi wakawaita vodafasta, jina la huduma ya kuongeza salio la simu. Shule ya kata aliyopangiwa binti wa mwandishi ilikuwa na majengo mawili na mwalimu mmoja wa sayansi kwa shule nzima. Maabara ilikuwa chumba chenye meza. Juu ya yote hayo, siku ya kwanza ya kidato cha kwanza lugha ilibadilika kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na watoto waliozoea kujibu kwa mikono juu wakanyamaza.

Sasa msomaji apige hesabu ambayo wengi hawakuipiga wakati ule. Aliyeingia darasa la kwanza Januari 2002 alimaliza darasa la saba mwaka 2008, akaingia kidato cha kwanza mwaka 2009, na akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012.

Matokeo ya mtihani huo yalitangazwa Februari 2013. Watahiniwa 6 katika kila 10 walipata daraja sifuri. Nchi ilizizima. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome, Bunge likawaka moto, magazeti yakatafuta wa kulaumiwa: baraza la mitihani, simu za mkononi, uvivu wa vijana. Mwezi Mei matokeo yalipangwa upya na kutangazwa tena, na bado zaidi ya nusu walibaki na sifuri. Katika kelele zote hizo, mwandishi alisikia watu wachache mno wakisema lililo wazi: hawa ndio watoto wa mwaka wa kwanza wa MMEM. Ndio waliokaa mia katika chumba kimoja. Ndio waliopewa mwalimu mpya kabisa darasa la kwanza na vodafasta mpya kabisa sekondari. Kila walikofika, walifika kabla ya matayarisho. Kisha wakaambiwa ni wavivu.

Binti alipata daraja la nne. Rafiki yake waliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza alipata sifuri, akajifungia ndani, na mama yake akaja kwa mwandishi kuuliza kama karatasi zinaweza kusahihishwa upya. Alikuwa mama aliyeuza maziwa kwa miaka minne ili mwanawe asikose nauli. Alikuwa na haki ya jibu kutoka kwa mtu mkubwa kuliko jirani yake.

Wimbi la tatu, baada ya UPE na MMEM, lilikuja na Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Kuanzia Januari 2016, serikali ya Rais John Magufuli ilifuta ada na michango ya lazima kuanzia awali hadi kidato cha nne, ikawa inapeleka zaidi ya shilingi bilioni 18 kila mwezi moja kwa moja shuleni. Uandikishaji wa darasa la kwanza uliruka kwa mamia ya maelfu kupita mwaka uliotangulia. Madawati yakaisha siku ya kwanza, na nchi nzima ikaingia kwenye kampeni ya kuyatengeneza. Bunge lenyewe likatoa shilingi bilioni 6 kutoka kwenye akiba yake.

Wakati huo mwandishi alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na kutoka kwenye kiti hicho aliona jambo ambalo haliandikwi kwenye nyaraka: sera mbili zilizotungwa katika ofisi mbili tofauti hukutana mara ya kwanza kwenye meza ya mwalimu mkuu. Elimu bila malipo ilileta watoto. Uhakiki wa watumishi wa umma ulisimamisha ajira mpya, na Aprili 2017 karibu watumishi 10,000 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi waliondolewa kazini, walimu wakiwamo. Kila sera ilikuwa na sababu yake, na kuondoa vyeti bandia ni jambo la haki. Lakini shule ilipokea watoto zaidi na walimu wachache katika miezi ile ile. Hakuna waraka uliosema darasa la mwalimu aliyeondoka Ijumaa litafundishwa na nani Jumatatu.

Halafu kulikuwa na uji. Kwa miaka kadhaa wazazi wa kijiji hicho walikuwa wakileta mahindi baada ya mavuno, na watoto wa madarasa ya chini walipata kikombe cha uji saa nne. Tangazo la 2016 lilipokuja, wengi walielewa kwamba kila kitu sasa kinatoka serikalini. Mei mwaka huo wizara ikatoa Waraka Namba 3 kueleza wajibu wa wazazi, ukiwamo wa chakula na sare, lakini waraka hautembei kwa kasi ya tangazo la redio. Januari 2018 Rais akapiga marufuku michango yote shuleni, kwa sababu ya haki kabisa: kulikuwa na walimu wakuu nchini waliokuwa wakifukuza watoto kwa kukosa mchango. Mtendaji wa kijiji akaogopa, mwalimu mkuu akaogopa zaidi, sufuria ikaingizwa stoo. Mahudhurio ya darasa la kwanza na la pili yakashuka baada ya mapumziko, watoto wakienda nyumbani kutafuta viazi na wasirudi. Serikali ilieleza baadaye kwamba mchango wa hiari unaruhusiwa kwa kibali cha wilaya. Kibali kilichukua muda, na njaa ya saa nne ilikuja kila siku.

Katika kikao kimoja kirefu cha kamati, mama mmoja aliyesoma katika ghala la 1977 alisimama na kuuliza swali lile lile la mwalimu mkuu wa zamani: nani anafundisha darasa la kwanza? Kikao kilikubaliana kwamba mwalimu mwenye uzoefu kuliko wote ahamishwe kutoka darasa la saba kwenda la kwanza. Ulikuwa uamuzi mgumu, maana shule hupimwa na kupangwa kimkoa kwa matokeo ya darasa la saba, na mratibu elimu kata hakuficha wasiwasi wake. Mwalimu mwenyewe alikubali. Wilaya haikuwa na safu kwenye fomu zake ya kuandikia jambo hilo.

Watoto hao wa 2016 walimaliza darasa la saba mwaka 2022. Serikali iliwaona wakija, na hili ni jambo jipya la kuheshimiwa: mwaka 2021 ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za kukabiliana na UVIKO-19, na mwaka 2022 ikatenga shilingi bilioni 160 kwa madarasa 8,000 ya sekondari, ili kidato cha kwanza cha Januari 2023 kisikose pa kukaa. Zamu yao ya kidato cha nne ni mwaka 2026.

Na wimbi la nne tarehe yake inajulikana. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza la saba. Madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, Januari 2028. Safari hii nchi haiwezi kusema wimbi lilikuja ghafla. Kujenga vyumba kunajulikana, na mikoa imekwisha kuzoea. Kinachohitaji kubandikwa sasa kwenye mbao za matangazo za kila kata, kama risiti za MMEM zilivyobandikwa, ni orodha nyingine: shule ya sekondari ya kata ina walimu wangapi wa hisabati, wangapi wa fizikia, wangapi wa Kiingereza, wangapi watastaafu kabla ya 2028, na nafasi zao zimeombewa kibali cha ajira lini. Kamati ya shule ya kijiji kile imeomba orodha hiyo kwa barua.